Matundu Saba ya Ngassa

Baba yangu, Mzee Akida, alikuwa na msemo mmoja ulionikera tangu nikiwa mdogo: kazi ya umeme ikiwa nzuri, mteja humsahau fundi. Taa zikiwaka mteja ataondoka zake, na siku utakayomsalimia sokoni atakuuliza wewe ni nani. Anayekukumbuka ni yule uliyemharibia. Mimi sikuupenda msemo huo hata kidogo, kwa sababu mimi nilitaka kukumbukwa. Nilitaka jina langu, Mwanne binti Akida, liandikwe juu ya mlango wa gereji yetu pale Kahama kwa herufi za kusomeka kutoka sokoni, na yeyote aliyedhani mwanamke hawezi umeme wa magari alisome mara mbili.

Lakini mwaka ule wa sitini na nane kulikuwa na jambo kubwa kuliko ubao wa jina. Kulikuwa na sanduku.

Lilikuwa sanduku la bati, la kijani, limebonyea pembe moja. Baba alitoka nalo Geita mgodi ulipofungwa, baada ya miaka kumi na tisa ya kushika nyaya za malori. Ndani mlikuwa na koleo za kila namna, bisibisi za kila urefu, pasi ya kulehemu ya kupashwa moto kwenye makaa, vipande vya risasi ya kulehemia, na kipimo cha umeme ambacho kwa Kahama nzima hakikuwa na mwenzake. Mwenye sanduku ndiye fundi, na asiye nalo ni msaidizi wa fundi hata akizeeka. Sasa macho ya Baba yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho, yote mawili. Aliona mwanga na vivuli, basi. Sanduku lilihitaji mtu wa kulirithi.

Watu tulikuwa wawili. Kulikuwa na mimi, niliyeshika koleo tangu nina miaka tisa, na kulikuwa na Nassibu, mtoto wa marehemu baba mdogo, ambaye mikono yake ilizoea kitana kuliko bisibisi. Nassibu alikuwa na kitu kimoja tu ambacho mimi sina: alikuwa mwanamume. Na kwa mashangazi waliokuja kutushauri kila Ijumaa baada ya sala, hicho kimoja kilitosha kulijaza sanduku lote.

Baba alivumilia ushauri wao miezi mitatu. Halafu akaja Ngassa.

Ngassa alikuwa mkulima wa pamba kutoka Mwalugulu, mtu mnene mwenye ng'ombe wengi na sauti ya kuwaita wote kwa mara moja. Alikuwa amenunua Landrover kuukuu mnadani, na safari nyingine akanunua tela, mnada mwingine kabisa. Tela lilikuwa na taa zake za nyuma na waya wake wenye plagi ya pini saba ikining'inia mbele kama ulimi. Landrover haikuwa na soketi ya kuipokea. Kwa hiyo tela lilikuwa likifuata gari gizani kama kipofu anayeongozwa kwa fimbo, na Ngassa alitaka lipate macho.

"Mwadila, Mzee Akida," akasalimu kwa Kisukuma, kisha nilipomwamkia akanigeukia na kuniita mama kwa lugha yao. "Marahaba, mayu. Nataka taa za tela ziwake Jumamosi. Si Jumapili. Jumamosi, kabla jua halijazama."

"Una safari?" Baba akauliza.

"Nina mbina."

Asiyetoka Usukumani nimweleze kidogo mbina ni nini. Baada ya mavuno vyama viwili vya ngoma hukutana uwanjani, Bagalu upande huu na Bagika upande ule, na wote hupiga na kucheza kwa wakati mmoja. Watazamaji wako huru. Wakiona upande huu umepooza wanahamia ule, na jua linapozama, chama kilichozungukwa na watu wengi ndicho kimeshinda. Hakuna anayeulizwa nani kacheza vizuri. Basi kila kiongozi, ambaye wenyewe humwita ningi, hutafuta kila hila chini ya mbingu ya kuvuta macho ya watu, na hila isipotosha anakwenda kwa mganga.

Ngassa alikuwa ningi wa Bagalu, na alikuwa ameshindwa miaka mitatu mfululizo. Mshindi wake alikuwa Maige, ningi wa Bagika, ambaye alikuwa na fisi. Fisi mzima, kafungwa kamba, kavalishwa kofia ya pama.

"Nikishindwa mara ya nne vijana wangu wanahamia kwa Maige," alisema Ngassa, na ile sauti yake ikapungua. "Wameshaniambia. Ngoma niliyoachiwa na baba yangu itabaki kuwa kiti cha kuku. Maige ana fisi mwenye kofia. Mimi nataka wachezaji wangu wapande juu ya tela, na tela liwake taa nyekundu chini yao."

Baba alikuna kidevu. Kisha akatugeukia mimi na Nassibu.

"Kazi hii ataifanya Mwanne peke yake. Mimi sigusi, Nassibu hagusi. Jumamosi Nassibu atakwenda Mwalugulu awe macho yangu. Kama kazi ya Mwanne itasimama mpaka jua lizame, sanduku ni lake. Ikiharibika mbele za watu, ni la Nassibu. Na mashangazi zenu wasinijie tena na maneno."

Nassibu akarudisha kitana mfukoni. "Nitakueleza kila kitu, Baba mkubwa."

"Utaapa. Usiongeze, usipunguze."

Akaapa, tena kwa furaha. Nassibu alikuwa na kasoro nyingi, lakini akishaapa hasemi uongo, kwa kuwa aliogopa moto wa Jehanamu kuliko alivyoogopa kazi. Nami nilijua kwamba kwa kuniangusha hatahitaji uongo. Atahitaji taa moja tu ikatae.

Nilifanya kazi siku mbili, na sijapata kufanya kazi kwa uangalifu namna ile. Soketi niliipata kwenye lori bovu lililolala nyuma ya kinu cha mpunga, nikaifungua, nikaisugua kwa petroli mpaka shaba ya ndani ikang'aa. Nilikata kipande cha bati nene, nikakikunja, nikakifunga kwa bolti mbili pembeni mwa ndoano ya kuvutia tela, nikaikalisha soketi pale ikitazama nyuma na kifuniko chake chenye springi juu. Halafu nikalala chali chini ya gari kuvuta nyaya.

Nyaya zilikuwa saba kama matundu: wa indiketa ya kushoto, wa indiketa ya kulia, wa breki, na nyinginezo, kila mmoja na rangi yake na mwenzake wa kuunganishwa naye kwenye nyaya za taa za nyuma za gari. Lakini wenye maana kuliko wote ni ule mweupe, waya wa bodi. Umeme ni kama mgeni wa heshima. Hauji nyumbani kwako kama haujui utarudije kwao. Unatoka kwenye betri, unapita kwenye taa, na lazima urudi kupitia bodi ya gari. Ukiukosesha njia ya kurudi haukai kimya, unahangaika. Unaingia taa ya breki ukitafuta kutokea kwenye indiketa, unarudi kinyumenyume, na taa zote zinawaka nusunusu kama watu waliogombana ndani ya nyumba moja. Ndoano peke yake haiaminiki kuwa njia, na ya Ngassa ndiyo kabisa, maana alikuwa amelipaka tela zima rangi mpya nyekundu na nyeupe, mpaka ndoano, kisha juu ya rangi akapaka grisi. Kwa hiyo nilikwangua rangi ya gari chini ya bolti moja mpaka chuma kikawa cheupe kama jino, nikaufunga waya wa bodi hapo na kuukaza kwa nguvu zangu zote.

Baba alikaa kwenye benchi siku zote mbili, mikono kaikunja kwapani ili isije ikajisahau. Mara moja tu alinena. "Nasikia harufu ya risasi iliyoungua. Pasi yako ina moto mno." Na kweli ilikuwa na moto mno.

Ijumaa jioni niliunganisha plagi tukajaribu. Baba alisimama nyuma ya tela akaweka kiganja juu ya kioo cha taa ya kushoto, akangoja, akasema, "Ina joto." Akahamia ya kulia. "Ina joto." Nikakanyaga breki. "Imeongeza." Nikawasha indiketa, akatega sikio kule mbele kusikia tika-tika yake na huku kiganja kinahisi, akatingisha kichwa kukubali. Hakunisifu. Lakini alisahau kunikosoa, na kwa Baba hiyo ilikuwa sherehe.

Ngassa akaja kuchukua gari lake, na kabla hajaondoka nilimwita nyuma ya gari nikamfunulia kifuniko cha soketi.

"Mzee Ngassa, hapa usipafungue njiani. Plagi nitakuja kuichomeka mwenyewe uwanjani. Matundu haya yakipata uchafu, umeme unakosa njia."

Ngassa akainama akayatazama kwa heshima ambayo sikuielewa. "Yako mangapi?"

"Saba."

"Saba kamili?"

"Saba kamili."

"Wabeja, mayu," akashukuru taratibu, akakifunika kifuniko kwa kidole kimoja kama anayefunika uso wa mtoto aliyelala. Nilipaswa kushtuka pale pale. Lakini nilikuwa nalitazama sanduku.

Jumamosi baada ya adhuhuri Ngassa, pamoja na mkewe Nyamizi, mwanamke mkimya mwenye macho ya kucheka, alikuja kutuchukua mimi na Nassibu. Tulipofika Mwalugulu uwanja ulishajaa. Ngoma zilikuwa zimeanza pande zote mbili na vumbi limesimama hewani. Upande wa Bagika watu walikuwa tele, kwa sababu Maige, mrefu na mwembamba kama mti wa bendera, alikuwa anazunguka na fisi wake mwenye kofia, na kila alipopita akina mama walipiga mayowe na kuwasukuma mbele waume zao. Upande wetu kulikuwa na jamaa za wachezaji, mbuzi wawili, na bibi mmoja ambaye nadhani alikuwa amelala.

"Nzuri," alisema Nassibu, akaketi kwenye gogo mahali pa kuona vizuri.

Jua lilipokaribia vichwa vya miti Ngassa alinipungia mkono. Niliwasha taa, nikaacha indiketa ikikonyeza, nikaenda nyuma, nikafunua kifuniko cha soketi huku nawatazama watu, sikuangalia ndani, nikachomeka plagi. Ikaingia kwa shida, kama mwiko kwenye ugali uliopoa. Nikaisukuma kwa kiganja.

Taa za tela zikawa na wazimu.

Ya kushoto iliwaka, ikafifia, ikawaka tena bila kuombwa. Ya kulia iligoma, halafu ikalipuka nyekundu, halafu ikawa inatetemeka. Indiketa zilikonyeza zote mbili kwa zamu zisizo zamu, na taa za breki zikawa zinawaka nusu na hakuna aliyekanyaga breki. Wachezaji waliokuwa juu ya tela wakaruka chini kwa woga, kisha wakapanda tena kwa fahari. Na watu wakaanza kukimbia. Walikuwa wanakuja kwetu! Vijana mbele, wamama nyuma, watoto wakipenya chini ya miguu: "Tazameni, tela limepandisha mashetani!"

Ngassa alikuwa anapiga ngoma na machozi ya furaha yanamtoka. Mimi machozi yangu yalikuwa ya aina nyingine. Kazi ya siku mbili, waya wa bodi nilioukaza mpaka vidole vikachubuka, na ndivyo inavyonilipa mbele ya ulimwengu mzima! Kwenye gogo Nassibu alikuwa ametoa kitana na anajichana pole pole, anatabasamu.

Nikaichomoa plagi. Taa zikafa na umati ukaguna. Nikainama kutazama ndani ya soketi, na nilichokiona kikanitoa akili. Matundu yote saba yalikuwa yamejaa kitu cheusi kinachong'aa, mafuta ya ng'ombe yaliyochanganywa na majivu na kitu kama manyoya.

"Nani ametia uchafu humu?" nikapiga kelele.

Ngassa akaja mbio na mkwiro wa kupigia ngoma mkononi. "Uchafu? Mayu, hiyo ni dawa! Mganga alinipa mafungu saba ya kuvuta watu. Akaniambia niyaweke mlangoni pa kile nitakachochezea. Nikawaza siku mbili, tela mlango wake uko wapi? Halafu wewe mwenyewe ukanionyesha. Matundu saba, kamili, na kifuniko juu."

"Nilikuambia usifungue! Nilikuambia umeme unataka njia!"

"Ndiyo. Nami njia nimeipaka mafuta."

Hasira ni hasara, najua, lakini kuna hasara nyingine mtu hulipa kwa moyo mkunjufu. Nilimwambia Ngassa maneno ambayo binti wa Mzee Akida hakufundishwa kwao. Kisha nikatoa njiti ya kiberiti, nikalowesha kitambaa kwenye petroli, nikaanza kuchokoa tundu moja moja. Ngassa aliangalia dawa yake ikitoka kama anayeangalia ng'ombe wake wakitaifishwa. Nilipomaliza nikachomeka plagi, ikaingia kwa ulaini wake.

Taa zikawaka barabara. Mbili nyekundu, zimetulia, sawasawa, na indiketa moja inakonyeza kwa adabu. Zilikuwa taa za kumfurahisha askari yeyote wa barabarani. Nilisimama nikiwa nimenyoosha mgongo, nikamtazama Nassibu. Kitana kilikuwa kimesimama katikati ya kichwa chake.

Watu nao walizitazama taa zangu nzuri. Walizitazama kwa muda ambao mtu hutazama mlango uliofungwa. Kisha mmoja akasema, "Zimepona," na wakaanza kurudi kwa fisi.

Ngassa hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angegomba. Aliketi tu kwenye gurudumu la tela, mtu mkubwa vile, akauweka mkwiro mapajani. Vijana wake wawili walikuwa tayari wanatazama upande wa Maige kama wanaotazama nyumba ya kuhamia. Nyamizi ndiye aliyenisogelea.

"Mwanangu, umefanya kazi nzuri," akanong'ona. "Ila watu hawa wamekuja kuona mgonjwa, na wewe umemponya."

Nilimhurumia Ngassa, na nilikasirika kwa kumhurumia. Sanduku langu lilikuwa ndani ya zile taa zilizotulia. Ningeziacha hivyo nusu saa tu, jua lizame, Nassibu akasimulie, na koleo za Baba ziwe zangu. Halafu ningekaa Kahama na sanduku langu, na kila pamba ikivunwa ningemkumbuka mtu huyu ameketi kwenye gurudumu. Nikatafuta sababu ya kutojali. Sikuipata.

Hapo nikajiuliza swali la kifundi. Wazimu ule watu walioupenda ulitokana na nini? Na waya wa bodi kukosa njia. Na waya wa bodi ni wa nani? Ni wangu.

"Mzee Ngassa," nikasema, "nenda kwenye ngoma yako. Piga taratibu kwanza. Mimi nitakufuata."

Nilizima indiketa, nikaufungua waya mweupe kutoka kwenye plagi upande wa tela, nikaumenya ncha. Nikaketi juu ya chuma cha kuvutia tela, mgongo kwa watu, nikajifunika khanga mabegani mpaka mikononi kama msichana aliyeona baridi. Chini ya khanga, mkono mmoja ulishika ncha ya waya, na mbele yake kilikuwa kichwa cha ile bolti niliyofungia waya wa bodi. Waya ukigusa bolti taa zinawaka wazi. Waya ukiachia, zinafifia.

Ngassa akapiga moja. Nikagusa moja.

Akapiga mbili. Nikagusa mbili.

Akageuza shingo kutazama taa, akatazama ngoma yake, kisha akanitazama mimi, na uso wake ukafunguka wote. Akapiga ule mpigo wao wa kuingilia, tatu za haraka na moja ya kungoja, na tela likaitikia kwa taa: tatu za haraka, na moja ya kungoja. Bibi aliyelala akaamka. Mbuzi wakakimbia. Kutoka upande wa pili nikasikia sauti ya mtu ikipanda, "Tela linacheza! Jamani, tela linacheza mbina!" na ardhi ikaanza kutikisika kwa miguu.

Sijapata kufurahi vile maishani, na sioni haya kusema. Mimi, mtoto wa mjini wa kwenda madrasa, niliyeambiwa ngoma za mashambani si za kwetu, nilikuwa nacheza ngoma kwa kidole gumba na waya mmoja, nao mamia wanaitikia. Ngassa akiharakisha naharakisha. Alinitega, akanyamaza ghafla katikati, nami nikanyamaza, taa zikabaki hafifu, na umati mzima ukashika pumzi. Akapiga moja kubwa na tela likalipuka jekundu. Mayowe ya watu nadhani yalifika Ushirombo. Wimbo nao ukazaliwa pale pale, Ngassa akiuanza na wachezaji wakiupokea: tela la Ngassa limefundwa, limefundwa na Mwanne, Mwanne binti Akida, fisi avue kofia.

Jua lilipozama wazee walisimama katikati ya uwanja kutazama nani yuko wapi. Upande wa Bagika palikuwa na wapigaji ngoma watatu wasiojua wapige au waache. Upande wetu hapakuwa na mahali pa kutema mate. Na mstari wa mbele kabisa, mdomo wazi, amesimama Maige mwenyewe na kamba mkononi, na fisi wake kakaa kitako pembeni yake naye akitazama taa. Wazee walicheka mpaka wakashikana mabega. Walitangaza kwamba Bagalu wameshinda, na kwamba miongoni mwa watazamaji wao wamemhesabu Maige, na fisi pia.

Furaha yangu ilidumu mpaka nilipomwona Nassibu akinyanyuka kwenye gogo, akikung'uta suruali.

"Niliapa," akaniambia, karibu kwa huruma. "Siongezi, sipunguzi. Taa ziliharibika mbele za watu, Mwanne. Tena mara mbili." Hakuwa na kosa. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nasikia koleo za Baba zikilia ndani ya kichwa changu, na zinalia kwa kumwita Nassibu.

Asubuhi ya Jumapili Baba aliketi barazani, sanduku miguuni pake. Mashangazi walikuwa wameshafika, ijapokuwa haikuwa Ijumaa. Nassibu akasimama kama shahidi mahakamani.

"Baba mkubwa, alipochomeka tu, taa zilipata wazimu. Kila moja inawaka kivyake."

Mashangazi wakaguna. "Zote nusunusu?" akauliza Baba. "Na za breki zikawaka bila breki?"

"Ndivyo hivyo."

"Bodi imekosa njia. Halafu?"

"Akachomoa, akatoa dawa ya kienyeji kwenye matundu. Ngassa ndiye alikuwa ameitia."

"Kwenye matundu?" Baba alifunga macho yake yasiyoona, na mabega yakamtikisika kidogo. "Endelea. Baada ya kusafisha?"

Nassibu akasita. Nilimwona akiutazama moto wa Jehanamu. "Zikawaka vizuri. Lakini zikaharibika tena! Zikawa zinawaka na kufifia, zinawaka na kufifia, mpaka jua likazama. Watu wote wameona. Hata fisi."

"Zilikuwa zinawaka vipi mara hii? Ovyo kama mwanzo?"

"Hapana." Nassibu akakunja uso, akitafuta ukweli kamili. "Zilikuwa zinafuata ngoma. Wakipiga tatu zinawaka tatu. Ngassa akinyamaza, zinafifia. Akipiga kwa nguvu, zinarukia hapo hapo."

"Hazikukosea?"

"Hata mara moja."

"Na Mwanne wakati huo alikuwa wapi?"

"Ameketi kwenye chuma cha tela, kajifunika khanga. Kawapa watu mgongo. Hakushughulika hata kidogo, Baba mkubwa."

Baba alinyoosha mkono hewani upande wangu. "Nipe mkono wako wa kulia."

Nikampa. Akapapasa kidole gumba, akakipitisha kwenye kidole chake mara mbili, pale ambapo cheche zilikuwa zimeniachia madoa magumu madogo madogo. Akaupeleka mkono wangu puani, akanusa.

"Nimefanya umeme wa magari miaka ishirini na tano," akawaambia mashangazi. "Nimeona hitilafu za kila namna. Hitilafu inajua kuunguza, inajua kuzima, inajua kutia wazimu. Sijapata kuona hitilafu inayojua kufuata ngoma."

Akalisukuma sanduku kwa kisigino.

"Nassibu, mbebee dada yako."

Nassibu akainama, akaliinua kwa mikono miwili, mishipa ya shingo ikamtoka. Nilimwona akitafuta kitu cha kusema kisichoongeza wala kupunguza. "Zito," akasema.

"Zito kweli," nikamwambia. "Liweke pale mlangoni, chini ya jina langu."

Akatazama juu ya mlango wa gereji. "Mbona sioni jina?"

"Waulize Mwalugulu."